Wifi na Mlango wa Kwetu

Mwenzangu, uko hapo? Acha unachofanya usome.

Natoka nyumbani kwa wazazi sasa hivi, na hasira zangu. Unamkumbuka yule mke wa kaka, aliyeolewa juzi tu, hata akicheka anaziba mdomo? Leo ananifundisha kwetu!

Nimekaa zangu kwenye kiti cha dirishani, kiti changu tangu utoto. Akanijia na kitabasamu: "Samahani wifi, sisi hapo tunamwachia baba."

SISI! Sisi nani? Picha za harusi hata hazijatundikwa!

Eti sasa anacheka kile kicheko cha mama cha puani. Anamnunia jirani kwa ugomvi uliotokea yeye hajazaliwa. Kama kupe aliyedandia ng'ombe juzi, leo anataka akamuliwe.

Nikaona niondoke. Ule mlango wa mbele unaujua, haufunguki mpaka uupige goti. Mimi ndiye niliyeuharibu nikiwa mdogo. Nikaupiga goti. Wapi! Nikaupiga tena. Wapi!

Wifi akaja, akauvuta kwa kidole kimoja. "Tulishautengeneza, wifi."

TULISHAUTENGENEZA. Na kile kicheko cha puani juu.

Sasa sikia kilichonimaliza. Mama, mama yangu mwenyewe aliyenizaa, akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwanangu, msindikize mgeni!"

Nikaitika, "Abee mama!" Nikageuka kumtafuta huyo mgeni.