Alasiri Iliyokataa Kwisha

Montreal, wiki ya pili ya Ramadhani

Kwako dada yangu mkubwa, Lalla Batul,

Nakusalimu kwa mapenzi na heshima. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Salé? Jirani yetu Rkia bado anakuletea mkate, au amenuna tena? Mimi mzima. Mwanangu Driss na mkewe wazima pia, wanakubusu mkono.

Driss alinipumbaza kwenye simu, dada. Alisema kutoka Casablanca hadi huku ni saa saba na kitu tu, nitapanda ndege mchana na kufika kabla ya giza. Hakuniambia kwamba njia nzima tutakuwa tunalifukuza jua. Wewe ulinishauri nile, msafiri ana ruhusa, nami kwa ubishi wangu nikafunga. Basi jua likaketi dirishani, halishuki, na chini mawingu meupe kama sufu iliyochambuliwa. Saa ya mkononi ilipofika wakati wenu wa kufuturu kwa supu ya harira, abiria wengi wakafuturu kwa saa ya nyumbani. Mimi nikatazama nje, nikaona bado ni alasiri.

Aliyeketi kando yangu, mzee wa Meknes aitwaye Bwana Jilali, anayeuza zeituni hapa Montreal, naye alishika tende asiile. Nikamwambia ale, uso umeshamsinyaa. Akasema, "Anza wewe, Lalla Zhor, usije ukazimia begani kwangu watu wakapata la kusema." Nikamjibu kwamba bega lenyewe mifupa mitupu, nani alitake. Alicheka mpaka mhudumu akageuka.

Tukaenda hivyo. Alikuwa ametoka kuzuru kaburi la mkewe, akanisimulia habari zake bila haraka. Nami nikamsimulia habari za marehemu mume wangu, na kwa mara ya kwanza sikulia. Kiu ilinifanya mwepesi, dada, nikasahau umri wangu na nikasahau tunakwenda wapi. Niliona kama alasiri ile tumepewa sisi wawili, nikamwomba Mungu asiimalize.

Iliisha tukiwa kwenye foleni ya pasipoti. Jua lilipozama nyuma ya vioo, akaipasua tende yake, akanipa mimi kipande kwanza.

Sasa nisikuzungushe. Tangu siku ile amekuja kwa Driss mara kwa mara, na juzi ameniposa. Driss alicheka kwanza, kisha akasema ni juu yangu. Nami nikasema baba na mama hawapo, mwenye jibu ni Lalla Batul. Lakini moyoni, dada, nimeshakubali.

Najua nilikuahidi kurudi baada ya Idi. Najua tulikubaliana tuzikane sisi kwa sisi katika nyumba ya baba, na nyumba ile ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Naona haya na nina furaha, na sijui nianze na lipi. Ukisema rudi, nitarudi, na sitakununia hata siku moja.

Bwana Jilali atakupigia simu Ijumaa baada ya sala. Anatetemeka kuliko mimi. Mwache amalize kusema, ndipo umkatalie, kama ni kumkatalia.

Nisalimie Rkia na mtaa mzima, ila hili la posa usiwaambie.

Mdogo wako akupendaye,
Zhor