Turubai la Kigari Chekundu

Vegreville, 9 Mei

Mwanangu Janelle,

Salamu nyingi zikufikie huko Fort Nelson, wewe na mumeo Garth. Mimi mzima, ila goti tu, na goti nalo nimeshalizoea kama jirani mkorofi. Unajua niliishia darasa la sita, mkono wangu mzito. Usicheke herufi, we cheka maneno.

Nimesikia njia ya kwenda huko machimboni Garth alikopata kazi, mkishapita Watson Lake, ni kokoto tupu. Tangu nisikie sina raha. Wewe unakaa mbele kwenye gari-nyumba, lile basi lenu la kulala, huoni yanayotokea nyuma. Mimi nimeyaona. Miaka yote ile mimi na marehemu baba yako tulipokuwa tunakimbilia kusini wakati wa baridi, kigari kimefungwa nyuma yetu kinavutwa, mimi ndiye niliyekuwa nafunga na kufungua. Yale magurudumu makubwa yanaokota mawe na kuyatupa usoni mwa kigari. Taa, kioo, rangi. Jiwe moja likipenya kwenye rejeta, maji yakamwagika, umebaki na bati jekundu porini.

Basi nimekushonea turubai, liko kwenye kifurushi. Linafunika uso wote pamoja na kioo cha mbele. Ndani nimetia flaneli ya pajama za baba yako, rangi isikwaruzike. Kabla ya kukivika futa vumbi kwanza, maana vumbi likibaki kitambaa kinageuka msasa. Na zile pazia za mpira zinazoning'inia nyuma ya gari-nyumba kuzuia mawe, hakikisha hazijachanika.

Kigari ni chako, baba yako alikuachia wewe. Unakula lakini?

Mama

Fort Nelson, 2 Juni

Shikamoo Mama,

Hatujambo, goti lipumzishe. Kifurushi kimefika. Nilinusa flaneli, nikamkumbuka Baba.

Garth alicheka hadi akakohoa. "Mama yako kamshonea gari nguo za kulalia! Kesho atatuletea na chupa ya maziwa." Hajataka livikwe, anasema litapeperuka. Basi juzi tukihamia kambi hii palikuwa na kipande cha barabara kinachotengenezwa, taa moja imevunjika na kioo kina ufa kama unywele. Pazia za mpira amezivua mwenyewe, anasema zinaburuta na kula mafuta.

Usinipigie simu, yangu ilitumbukia mtoni. Garth alikuwa ameishika, ikamponyoka. Atanunua nyingine tukilipwa. Tukiegesha kambini ufunguo wa kigari anakaa nao yeye, mfukoni mwa shati, maana anasema mimi napoteza vitu. Kweli napoteza, unanijua.

Amechoka tu, Mama. Kazi ikianza huko atatulia. Andika posta ya Watson Lake, tutakaa hapo kidogo.

Mwanao Janelle

Vegreville, 14 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, lakini barua yako nimeisoma nimesimama, chai ikapoa.

Nieleze polepole, mimi si msomi. Mtu anajua mbele kuna kokoto, halafu anavua pazia za kuzuia kokoto? Hata kichaa mvua ikija hutafuta paa. Na simu ya mwenzio unaishikia nini juu ya maji? Na ufunguo wa gari uliloachiwa na baba yako unakaaje mfukoni kwa mwingine?

Pengine naongea kwa uzee. Nitukane nikikosea. Lakini nijibu neno moja: unataka kwenda huko? Kama hutaki, rudi. Chumba chako nimekitandika. Nimekaanga vitunguu, nimechemsha pierogi, vile vitumbua vyetu vya viazi, nimekula peke yangu kama mgeni.

Mama

Watson Lake, 1 Julai

Mama,

Nakuandikia kwenye chumba cha kufulia nguo, mashine zikizunguka. Hapa Garth haingii, anasema ni kazi ya wanawake. Barua hii namwachia mwenye kambi aiposti.

Barua yako aliichukua posta yeye. Aliisoma mezani kwa sauti, akiigiza sauti yako. "Profesa wa darasa la sita ameuliza swali!" Siku mbili hakunipa neno, hata la kuomba chumvi. Siku ya tatu akasema, taratibu, anakata nyama: "Kigari kikifa njiani, kimekufa. Huko tuendako huna pa kwenda."

Hakutumbukiza simu kwa bahati mbaya, Mama. Nilimwona akifungua vidole.

Jibu la swali lako: sitaki kwenda.

Turubai nimelivika mwenyewe. Akatoka, akaliangalia, nikajua atalichana. Mzee wa gari-nyumba la jirani akapita na mbwa wake, akasema, "Kazi safi hiyo! Umefanya wewe bwana?" Garth akasema ndiyo, ni yeye. Sasa kila jioni watu wanakuja kulitazama na yeye anawaeleza mishono. Hawezi kulivua tena. Anapenda kusifiwa kuliko kula.

Tunaondoka katikati ya mwezi. Tukishafika machimboni gari-nyumba linaegeshwa mpaka baridi ipite, na ufunguo unaingia mfukoni. Barua zako zote anazisoma yeye kwanza. Niandikie habari za gari tu.

Janelle

Vegreville, 6 Julai

Mwanangu Janelle, na wewe Garth baba,

Hamjambo? Mimi mzima kabisa. Garth, kama unasoma, pole na kazi. Nisamehe maneno ya barua ile, kibibi kikikaa peke yake kinasema hovyo. Nimefurahi turubai limependwa. Leo naandika ya gari tu, ili lisiharibike.

Janelle, kigari kinapovutwa ufunguo sharti ubaki mahali pake, umezungushwa hatua moja, gia ikiwa huru. Mtu yeyote asiutoe njiani. Ukitolewa, usukani unajifunga, matairi yanaburuzwa mpaka yanapasuka. Baba yako alikuwa akisema, kambini ufunguo ni wa mtu, njiani ufunguo ni wa gari.

Siku ya kokoto jazeni tangi la kigari mpaka juu. Gari tupu hurukaruka, uzito hulituliza.

Mkitaka kufungua, anza na waya wa taa, halafu minyororo, mwisho zile pini mbili za vyuma vya kuvutia. Gari-nyumba liwe limesimama kwenye unyoofu, mahali tambarare. Likisimama limejikunja pini zinabana, hata nyundo hazisikii. Turubai huvuliwa kwa kulabu za chini kwanza. Usihangaike kulikunja, matope yatakuchafua.

Na lile jicho la kamera la nyuma, analotazamia dereva, hupakwa matope haraka sana. Wewe ndiye unayelifuta kila mkisimama, siyo? Usijichoshe, mwanangu. Kazi zako ni nyingi.

Kuleni vizuri.

Mama

29 Julai

Mama,

Niko hai. Nimekula. Nimefikia kwa rafiki yangu wa shule, anwani iko nyuma ya karatasi hii, isome halafu uichome.

Tangi alilijaza mwenyewe, akisema, "Angalau kwa hili bibi ana akili." Tukaingia kwenye kokoto. Mawe yalikuwa yanagonga turubai nyuma huko, nayasikia kama mtu anabisha mlango. Kila tuliposimama nilishuka na kitambaa mkononi, na jicho la kamera sikulifuta.

Njiani kulikuwa na matengenezo. Mama mmoja mwenye bendera alitusimamisha, akasema tusubiri. Barabara ilikuwa imenyooka kama rula. Nilimwambia Garth kichwa kinaniuma, nakwenda kulala kitandani nyuma, nikavuta pazia. Akashuka kwenda kupiga soga na yule wa bendera. Nikatokea dirisha la dharura.

Waya, minyororo. Pini ya kwanza ikatoka. Ya pili ikagoma. Nyuma yetu kulikuwa na lori la mafuta, dereva alikuwa ananitazama muda wote. Akashuka na nyundo. Nilidhani atamwita Garth. Akaigonga pini mara moja, ikatoka, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Una mafuta?" Nikamwambia tangi limejaa. Akasema, "Basi lala chini, nisikuone." Akarudi kwenye lori.

Nikalala sakafuni mwa kigari. Nilisikia viatu vya Garth vikirudi, vikasimama kidogo. Kidogo tu, Mama. Mlango wa mbele ukafungwa, gari-nyumba likaondoka bila mimi.

Vumbi lilipomfunika nilivua turubai nikaliacha pale pale. Rejeta nzima. Kikawaka mara moja. Lori likasogea pembeni nikageuza. Lile jumba la Garth haligeuki popote, litatafuta nafasi maili nyingi.

Natamani kuja kwako. Niambie lini.

Janelle

Vegreville, 8 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, usishtuke. Usije.

Garth yuko hapa. Amefika juzi, ameegesha mbele ya lango langu. Vile vyuma vya kuvutia vimeburuzwa njiani mpaka ncha zimeng'aa. Alibisha hodi, akavua kofia, akafuta viatu, mkononi ana turubai. Amelifua. Amelikunja vizuri kuliko mimi.

"Janelle alisahau hili, Mama," akasema. "Bila hili kigari kitaumia."

Nikamwambia sijui uliko. Akasema hana haraka. Akaniuliza majina ya marafiki zako wa shule, moja moja, kwa upole, huku anakula keki yangu. Majina mengine tayari anayo. Kwa hiyo hapo ulipo ondoka, mwenyeji wako naye aondoke kwa siku kadhaa, na usiniambie unakokwenda. Askari nimewaita. Walizungumza naye, wakasema barabara ni ya wote, hajavunja kitu. Wamesema watapitapita.

Asubuhi nimetoa cherehani nikaiweka dirishani, anaponiona. Akaja kwenye ua.

"Unashona nini, Mama?"

"Turubai jingine. Lile limetoboka."

Akanitazama sana. "Kwa hiyo anakuja."

"Mimi nashona tu, baba."

Akaenda kuchukua kiti chake, akakaa kivulini, uso barabarani. Hajasogea. Cherehani ikinyamaza anageuka kunitazama, ikilia anatulia. Barua hii nimeiandika jikoni kwa vipande vipande, kati ya mshono na mshono. Mwenye kuleta barua ataichukua mlango wa nyuma.

Kwa hiyo endesha, Janelle. Yeye akiwa hapa, barabara nyingine zote ni zako. Usinijibu. Futa kioo, angalia maji ya rejeta asubuhi, ule.

Mimi usinihofie. Kitambaa ninacho kingi.

Mama