Kitanda Kinapozunguka

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko kazini? Sisi tupo. Baba yako anakula vizuri. Upande wake wa kushoto haujaamka tangu apate kiharusi, na maneno yake bado ni yale mawili matatu, mengi ya kunigombeza.

Mimi sijambo sana. Nikijilaza tu, kitanda kinazunguka kama feni. Nikimgeukia baba yako, kinazunguka. Nikiinua uso kuanika shuka, nashika nguzo nisianguke. Kizunguzungu chenyewe hakikai, kinapita upesi, lakini kinaniacha na kichefuchefu. Kwenye zahanati walisema ni presha. Wakapima, presha ikawa nzuri, wakanipa vidonge vya presha hivyohivyo. Sasa nalala nimeketi kitini. Naogopa siku moja nitamwinua baba yako kumpeleka bafuni, tuanguke wote wawili. Nani atatuokota?

Lakini usihangaike.

Mama yako

19 Februari

Shikamoo mama,

Pole sana, na baba mpe pole yangu. Mimi mzima, ila miguu imekufa. Hapa kwenye makazi ya wazee tumebaki wachache, nawageuza wazazi wa watu mpaka mgongo unalia.

Mama, bibi mmoja hapa alikuwa na mambo hayohayo, kumbe shida ilikuwa sikioni, ndani kabisa. Humo sikioni mna chembe ndogo kama za chokaa zinazotusaidia tusipepesuke. Zikitoka mahali pake zikaingia kwenye vijifereji vya sikio, kila ukigeuza kichwa zinasogea, nawe unaona dunia nzima inazunguka. Nenda kwa daktari wa masikio, na hivyo vidonge mwoneshe. Ila mdomo ukienda upande, au maneno yakikukwama, hilo si sikio, kimbia hospitali hapohapo.

Mwombe shangazi akae na baba.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Salamu zako zilifika, mimi ndiye niliyekawia. Shangazi yako alikuwa na udhuru, na unajua udhuru haumwishi yule. Mwishowe fundi viatu wa jirani ndiye aliyekaa na baba yako, wakasikiliza mpira redioni.

Daktari ni binti wa makamo yako. Aliniketisha kitandani, akanigeuza uso kulia, kisha akanilaza ghafla, kichwa kikaning'inia ukingoni. Nilipiga ukelele mpaka foleni nje ikanyamaza. Yeye ananiambia, "Usifumbe macho mama, nayatazama yanavyochezacheza." Akasema ni sikio la kulia. Akasubiri, akanigeuza kichwa pole pole kushoto, akasubiri tena, akanilaza ubavu mpaka nikawa natazama sakafu, ndipo akaniketisha. Kumbe alikuwa anazirudisha hizo chembe kwao! Akarudia mara nyingine, basi. Dawa hakuna, na vile vidonge akasema niache. Kizunguzungu kikirudi, nami nirudi.

Usiku ule nililala kitandani, chali, na chumba kimetulia. Nikalia, mwanangu, wala si kwa furaha. Nikwambie ukweli: nilikuwa natumaini ni kitu kikubwa. Nilitaka daktari aseme huyu mama asimwinue mtu tena, mwiteni mtoto wake. Badala yake akanipa hongera. Asubuhi nikaamka nikamwinua baba yako, na sasa sina hata cha kusingizia. Nampenda baba yako. Nimechoka tu, na uchovu hauna daktari.

Nisamehe. Kidogo niichane barua hii.

Mama yako

11 Aprili

Shikamoo mama,

Barua yako nimeisomea chumba cha kubadilishia nguo, sare nimeshavaa. Nikaenda kwa msimamizi kuomba likizo. Akaniuliza nani anaumwa. Nikamjibu hakuna anayeumwa, mama yangu amechoka.

Akasema hiyo si sababu. Nikamwambia kwangu ndiyo sababu, na akitaka nafasi yangu ampe mwingine. Kama atanirudisha sijui, na nimechoka mno hata kuogopa.

Nimeona haya, mama. Ulikuwa unaniita tangu ile barua ya kwanza, mimi nikakuelekeza kwa daktari.

Barua hii itanitangulia kidogo tu. Mwambie baba atanigombeza mimi sasa. Nawe, nikikukuta umelala, sikuamshi.

Binti yako