Kadi ya Kitanda cha Sita

Nyumba za Wauguzi,
Chumba Na. 7.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani huko uliko, na goti lako linaendeleaje? Shemeji na wanangu hawajambo? Mimi mwili mzima, ila moyo hauko mahali pake. Kesho saa nne natakiwa ofisini kwa Muuguzi Mkuu, na huenda nikatoka humo sina kazi. Nimeona heri uyasikie kwangu.

Unaujua ugonjwa wangu wa kushindwa kumpita mtu anayeteseka. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba hata kuku ningemwomba radhi kabla ya kumchinja.

Basi wodini kwetu kuna mzee mmoja, fundi cherehani, amevunjika nyonga. Mkewe miguu haimruhusu kupanda ngazi, kwa hiyo kila jioni husimama uani akatazama juu. Mzee alikuwa kitanda cha ukutani, hamwoni. Dirishani, kitanda cha sita, alikuwa amelala dereva wa lori mwenye kisukari. Nilimbembeleza wabadilishane nafasi, akakubali, na Jumanne mchana nikawahamisha. Mafaili yao niliyahamisha. Kadi za majina zinazotundikwa ukutani, juu ya vitanda, nilizisahau.

Jioni mwenzangu alipokea zamu, akaja na sinia la dawa. Mzee alikuwa amesinzia. Mwenzangu akasoma kadi, akamdunga sindano ya kushusha sukari, ambayo ilikuwa ya dereva.

Mimi nilikuwa nimeshavua sare niende zangu. Nikasema nipite kumuaga mzee. Nikamkuta amelowa jasho, ananitazama asinijue. Nikainua macho ukutani nikaona jina la dereva.

Niliita watu. Tukamtundikia dripu ya glukosi, tukawa tunampima kila baada ya dakika chache, na mimi nimemshika mkono nahesabu pumzi zake. Nusu saa nzima sukari ilikataa kupanda. Kule chini mkewe alikuwa bado anapunga mkono. Mwishowe mzee akafumbua macho, akauliza, "Nani kanimwagia maji?" Nililia mbele za watu bila haya.

Aliyeitwa kuandika maelezo ni mwenzangu, maana mkono uliodunga ni wake. Ningenyamaza, yangeishia kwake. Jumatano asubuhi nikamtangulia ofisini, nikasema kosa ni langu.

Muuguzi Mkuu hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema, "Binti, huruma yako nusura imzike mtu." Kisha akanipa karatasi yenye masharti mawili. La kwanza, nisimhamishe mgonjwa bila idhini. La pili, nisimfanyie mgonjwa jambo lolote ambalo halikuandikwa kwenye faili lake. Nitie sahihi nibaki, au nikatae niondoke. Kesho ndiyo mwisho.

Na ana haki, ndiyo maana inauma. Tangu siku hiyo nafanya kazi kama roboti, nagawa dawa na kusonga mbele. Jana yule dereva akaniomba nimgeuzie mto, upande mmoja umepata joto. Nikamwambia asubiri nimuulize daktari. Akacheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki, akajigeuzia mwenyewe kwa taabu. Niliona aibu ambayo hata Jumanne sikuiona.

Kazi hii naihitaji, unajua, na sina nyingine ninayoiweza. Lakini leo nimeikalisha karatasi mezani. Sharti la kwanza nimelitia sahihi bila kinyongo. La pili nimelikata kwa mstari, na pembeni nimeandika kwa herufi kubwa: MITO NITAGEUZA.

Nisalimie shemeji, mjomba, na wanangu wote, hasa kitinda mimba wetu mkorofi. Mungu akupe afya, na akuzidishie subira kwa ndugu uliyepewa. Ukiniombea kesho, anza kabla ya saa nne.

Wako akupendaye kwa dhati,
mdogo wako,
Kijiti