Vidonge Nilivyomlazimisha Feza Kumeza

Kisangani, Simi-Simi

Kwako Yaya Aziza, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani Kindu. Mimi ni mzima. Mke wangu Feza sasa anaweza kukaa na kunywa uji. Ila uliuliza habari za mtoto tuliyekuwa tunamngoja. Yaya, mtoto hayupo. Mimba ilitoka, ya miezi mitano.

Feza alianza na kikohozi. Nikamnunulia vidonge vya antibiotiki barabarani, bila karatasi ya daktari. Akakataa: "Hii iko mafua tu, itapita." Nikamlazimisha. Kikohozi kikaisha, akaanza kuhara. Nikanunua vingine, vikali zaidi. Akahara damu. Siku aliposhindwa kusimama, nikampeleka hospitali kwa pikipiki ya kukodi, nimemkumbatia asianguke.

Daktari, mama mmoja mpole, aliuliza amekunywa dawa gani. Feza ndiye aliyejibu.

"Papa," daktari akaniambia, "mu tumbo muko vidudu vidogo sana, na vingi vinatusaidia. Vinafundisha mwili kupigana na magonjwa. Hii dawa haichague, inaua hata vile vizuri. Alors basi, kile kibaya chenye kinabakia kinapata nafasi ya kuzaana. Na kikohozi yake haikuomba hii dawa."

Wakaisimamisha ile dawa, wakampa nyingine na serumu ya mshipani. Siku ya pili mimba ikatoka. Siku ya nne kuhara damu kukakoma. Daktari hakusema ni vidonge vilivyomuua mtoto. Alisema mwili wa mama ulikuwa umechoka mno. Mimi najua nilichofanya.

Nilipomwomba Feza msamaha, aligeukia ukuta. Baadaye akasema, "Najua ulikuwa unaogopa. Lakini nilikuambia hapana, na haukunisikia."

Nakuomba, vile vidonge vya antibiotiki nilivyomtumia Papa, baba yetu, kwa njia ya Ubundu, asivimeze kila goti linapomuuma. Daktari amwone kwanza. Mwambie nimesema mimi mwenyewe, kwa kosa langu.

Nisalimie Mama, na tonton, mjomba wetu aliyenifundisha kushona, na shemeji, mume wako. Usiwafiche jambo hili.

Mtoto alikuwa msichana. Tulikuwa tumekubaliana kumwita Aziza. Feza ndiye aliyetaka nikuandikie hivyo.

Mdogo wako,
Ramazani