Kaa-Kwanza

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Lile goti lako linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila moyo, dada, moyo una kutu. Usimsomee shemeji barua hii.

Unajua mwaka wa sita huu niko ofisi ya maji, dirisha la malalamiko. Bomba likikauka, mtu anakuja kunifokea, nami namjazia fomu ya kwenda kwa mafundi. Miezi miwili iliyopita wakaleta mwanamke mmoja dirisha la pembeni yangu. Siku ya kwanza tu akavuta kiti, akakiweka mbele ya dirisha lake, na kila aliyekuja amepandisha hasira akamwambia kaa kwanza. Wateja wakambatiza Kaa-Kwanza. Foleni yake ikafika mlangoni, mimi napiga miayo. Nikimwita mtu, ananijibu eti anamsubiri yule dada. Yule dada! Na mimi ni nani, pazia la dirisha?

Mkuu wetu akasema kikaoni tujifunze kwake kuwasikiliza watu. Nikaisukuma chai yangu kando. Kesho yake nami nikaweka kiti. Akaja mzee mmoja, nikamwambia kaa kwanza. Akasema yuko sawa. Nikambembeleza tena na tena, mpaka akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia kwamba ana jipu makalioni, na je, nataka alikalie ndiyo niridhike? Watu walicheka mpaka machozi. Kaa-Kwanza hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniwasha zaidi. Hapo ndipo shetani alipopata pa kupanga.

Wiki hiyohiyo alikuja mama mmoja anayemuuguza mumewe aliyepooza. Wanaishi ghorofa ya tatu na maji hayatoki. Kaa-Kwanza akamjazia fomu, akamwahidi mafundi kesho yake. Baada ya siku nane yule mama akarudi, viganja vimechubuka kwa ndoo. Wala hakufoka. Alimwambia tu Kaa-Kwanza kwamba wengine walimdanganya akazoea, ila yeye alimwamini. Kaa-Kwanza akapekua kila trei, fomu hakuna. Mkuu akamgombeza mbele yetu sote, akasema Jumatatu anamwondoa dirishani.

Fomu ilikuwa kwenye droo yangu, dada. Niliichomoa mimi. Nilitaka watu waone kwamba naye ni wa kawaida tu. Yule mama sikumfikiria hata kidogo. Kitanda si changu, kunguni wake wananihusu nini?

Jana nilimkabidhi Kaa-Kwanza ile fomu mbele ya mkuu, nikasema yote. Nilijiandaa kutukanwa, hata kupigwa kofi. Nisikufiche, nilijiandaa pia kusamehewa, maana ndiyo sifa yake. Hakunipa hata kimoja. Alisoma anwani, akauliza mafundi wako wapi, akatoka mbio kwenda kwa yule mama. Nikabaki nalia, na kilio chenyewe hakikuwa cha yule mama. Nililia kwa sababu hakunitazama. Wivu mpaka hapo, dada!

Mkuu hajaniambia atanifanya nini. Nibusie watoto, na shemeji mwambie nipo.

Ukinijibu, usiniulize mimi naendeleaje. Niulize kama yule mama amepata maji, ili nilazimike kwenda kuona.

Ni mimi mdogo wako,
Kisirani