Nani Amsalimie Mwenzake Kwanza

Mwanangu Maduhu, popote uliko,

Usishangae barua haina salamu. Unanijua. Mtoto ndiye anaanza.

Simu yako haipatikani, kwa hiyo naandika barua ya kusomwa na kila mtu. Anayekujua akufikishie. Naandika kwa mkono wangu, mimi wa darasa la pili. Herufi zangu kubwa kama ng'ombe, lakini zimesimama.

Unakumbuka mnadani Mwandoya? Ulikuwa mdogo, ukampita mzee mmoja bila kumwamkia. Nikakurudisha. Ukapiga goti kwenye matope, ukamwamkia kwa Kisukuma kama babu yako, "Mwangaluka, guku." Mzee akacheka, akauliza, "Huyu wa nani?" Nikajibu mnada mzima usikie: "Wa kwangu!" Siku hiyo nilipeleka madume wa ng'ombe wazuri kuliko wa wote, lakini aliyesifiwa ni wewe.

Ndivyo nilivyo. Heshima kwanza. Hata mwenyekiti wa kijiji akinikuta njiani anazima pikipiki, anashuka, ananiamkia.

Halafu ukaja ile siku kutoka Mwanza, umebeba sukari na vitenge vya mama yako. Ukasimama langoni. Na mimi nikasimama. Mbuzi wanapita katikati yetu.

"Baba, mgeni anakaribishwa kwanza."

"Mgeni kwa baba yake? Tangu lini?"

"Basi nitasimama."

"Simama. Mimi nimelima pamba na jua lote la Kasoli, utanichosha kwa kusimama?"

Mama yako akapiga kelele kutoka jikoni: "Salimianeni ninyi madume, ugali unapoa!"

Ukaweka mzigo chini, ukageuka kwenda Malampaka kwenye treni. Hukuangalia nyuma, kama mimi kabisa. Nilikasirika, na nilijivunia.

Sasa sikiliza. Mama yako miguu imevimba. Akitoka kitandani mpaka mlangoni pumzi inakata. Nesi amesema apelekwe hospitali Bariadi haraka. Gari nikaleta. Hataki. Amegeukia ukutani. "Sipandi mpaka mwanangu aingie humu ndani. Wewe kaa na heshima yako."

Nimefoka. Nimebembeleza. Mimi, nimebembeleza! Hata uji anautema. Madume wote wakorofi wa hapa nimewafunga plau, huyu mwanamke mmoja sijui nimfanyeje. Maduhu, nguvu zimeniishia. Nakaa nje namsikiliza anavyohema, akinyamaza kidogo nakimbilia ndani.

Usije ukadhani nimebadilika. Mtoto ndiye anaanza, na nitasema hivyo mpaka nife. Lakini nikikushinda wewe halafu nikamzika yeye, hiyo heshima nitakaa nayo na nani?

Basi nasema, na wote wanaosoma wawe mashahidi kwamba ni mimi nimeanza:

Mwangaluka, mwanangu. Umeamkaje huko?

Itikia ukiwa njiani.

Mimi baba yako,
nimesimama langoni.